Shajara ya leza ya thuliamu: wiki 14 na maji

Wiki ya 1

Imewaka, leza yetu inayopata mwanga wake kutoka kwa atomi za metali iitwayo thuliamu. Saa kumi jioni kipima nguvu kilionyesha wati 12, na mwali una urefu wa wimbi wa nanomita 1940 kama tulivyokusudia. Hakuna aliyeuona kwa macho, maana jicho la binadamu huishia karibu na nanomita 700, na kamera za kawaida za silikoni nazo hazifiki huko. Tulichoona ni karatasi ya risiti, ile inayogeuka nyeusi ikipata joto. Tuliipitisha mbele ya mwali ikapigwa doa la mviringo, dogo kama punje ya mtama, kingo zake safi pande zote. Doa likiwa hivyo, mwali umetulia. Mwenzetu wa lenzi na vioo alikibandika kile kipande kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la maabara, akaandika saa pembeni yake, kisha akakaa akikitazama muda mrefu.

Naandika shajara hii kwa ajili ya timu yetu ya watu sita, na kwa yeyote anayejenga kitu kama hiki akiwa na chumba kimoja na nusu. Kwa udogo wetu hatuwezi kuwa na mashine kwa kila kazi, kwa hiyo tumeamua leza moja ifanye kazi mbili. Ya kwanza ni ya tiba: kukata tishu laini huku ikizuia damu. Ya pili ni ya kiwanda: kuchomelea plastiki angavu bila gundi.

Kwa nini 1940? Kwa sababu ya maji. Mwanga wa leza za kiwandani zilizozoeleka, za nanomita 1064 au jirani yake, hupenya maji sentimita kadhaa kabla haujafifia. Wa 1940 humezwa kabla haujafika kina cha milimita 0.1. Tishu laini ya mwili sehemu yake kubwa ni maji, kwa hiyo joto hubaki palepale mwali ulipogusa. Zipo leza zinazomezwa na maji kwa haraka zaidi: ya erbiamu, nanomita 2940, na ile ya kaboni dioksidi, mikromita 10.6, ambayo mtafiti Kumar Patel aliivumbua mwaka 1964 na ambayo mpaka leo inakata mbao na plastiki ya akriliki viwandani. Shida ni kwamba mwanga wa hizo mbili haupiti ndani ya uzi wa kawaida wa kioo cha silika. Daktari analazimika kuuleta kwa mkono wa chuma wenye vioo kwenye kila kiungo. Wetu unapita kwenye uzi mwembamba unaopinda, na uzi huo unaingia popote endoskopu, bomba la kuchungulia ndani ya mwili, inapoingia.

Plastiki angavu nayo hupitisha 1064 kama dirisha. Ndiyo maana wanaochomelea plastiki kwa leza huweka rangi ya kaboni kwenye kipande cha chini ili kipokee joto. Kwenye 1940 plastiki yenyewe huanza kumeza sehemu ya mwanga, na vipande viwili angavu vinaweza kushikana bila kuongezewa chochote. Kwa kifaa kitakachopitisha damu au dawa, kutoongeza chochote ni jambo kubwa.

Wiki ya 2

Wati 31 siku ya Jumanne, wati 50 siku ya Ijumaa.

Tunaisukuma kwa dayodi, vyanzo vidogo vya mwanga, za nanomita 793. Ukipiga hesabu ya haraka utasema haiwezi kuvuka ufanisi wa asilimia 41, kwa kuwa fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, ya 793 ina nishati ya karibu fotoni mbili na nusu za 1940, na sisi tunatoa moja tu. Lakini atomi za thuliamu zikikaa karibukaribu ndani ya kioo, moja iliyopandishwa juu humgawia jirani yake sehemu ya nishati, na zote mbili huishia kwenye ngazi ileile inayotoa mwanga wetu. Inaingia fotoni moja, zinatoka mbili. Tumepima asilimia 52. Nilikuwa nimelisoma jambo hili mara nyingi, lakini kuliona kwenye kipima nguvu chako mwenyewe kuna furaha yake.

La kukumbuka: rangi ya dayodi husogea kama nanomita 0.3 kwa kila digrii moja ya joto. Kipoza maji kibaki digrii 20, na asikiguse mtu.

Wiki ya 3

Nimesimamisha kazi nusu siku. Kijana wetu wa mafunzo aliingia akiwa amevaa miwani ya kinga ya ile mashine ya kuondoa kutu, ya 1064. Alikuwa na nia njema kabisa. Aliona miwani ya leza, akavaa miwani ya leza.

Tulikaa wote sita mezani na miwani zote mbele yetu. Rangi ya lenzi haikuambii kitu. Soma namba zilizochapwa kwenye fremu, uone inakinga nanomita ngapi mpaka ngapi na kwa kiwango gani. Ile ya 1064 haina neno lolote kuhusu 1940, na kisichoandikwa hakikingi. Halafu kuna lile jina linalonisumbua, kwamba leza za eneo letu ni “salama kwa macho”. Limetokana na ukweli nusu. Mwanga wa 1064 hupita konea na lenzi ya jicho, ukakusanywa kuwa nukta kwenye retina, ukuta wa nyuma wa jicho unaopokea picha, na mtu anaweza kupoteza sehemu ya uoni bila hata kusikia maumivu. Wa 1940 haufiki huko. Unaishia kwenye konea, mbele kabisa, kwa sababu konea ina maji. Kwa hiyo kinachoungua ni konea. Daraja la 4, lililo juu kuliko yote katika kiwango cha kimataifa cha usalama wa leza, IEC 60825-1, huanzia wati nusu. Sisi tuna mara mia ya hapo.

Sasa rafu za miwani ni mbili, kila moja upande wake wa chumba, karibu na mashine yake. Swichi ya mlango inazima leza mlango ukifunguliwa. Tumeijaribu mara ishirini, imezima mara ishirini.

Wiki ya 4

Nguvu inashuka na hatujui kwa nini.

Mwali ukitoka kwenye leza hupita hewani kama mita 1.6, ukipigwa na vioo viwili vya kuakisi, mpaka kwenye kichwa cha kuchomelea. Tulitarajia kupoteza wati moja au mbili njiani. Jumatatu saa mbili asubuhi kichwani palikuwa na wati 46. Saa nane mchana, 42.8. Jumanne asubuhi ikarudi 45.5, na mchana ikashuka tena. Mshono wa plastiki uliokuwa mzuri asubuhi, mchana ulibanduka kwa ukucha.

Tukaanza kumtafuta mchawi. Mshukiwa wa kwanza alikuwa kipoza maji: joto likipanda, dayodi zinasogea rangi, thuliamu haishibi. Tuliweka kipimajoto cha pili, kikasoma digrii 20 asubuhi hadi jioni. Tukageukia kipima nguvu, tukakibadilisha na cha akiba, namba zikawa zilezile. Tukasafisha vioo, tukaangalia kila ncha ya uzi kwa hadubini. Safi. Tulipima nguvu pale pale inapotokea kwenye leza, tukakuta 50, asubuhi 50, mchana 50.

Kwa hiyo leza ni nzima. Wati zinapotea kati ya hapa na pale, na kati ya hapa na pale hakuna kitu.

Wiki ya 5

Kulikuwa na kitu.

Jumatano walitutembelea watu tisa kutoka karakana inayotengeneza vifaa vya hospitali, wanaotaka kujua kama tunaweza kuwachomelea visanduku vidogo vya kupimia damu. Kwa ajili ya usalama tulifunga mlango na mapazia ya kinga. Ndani ya nusu saa kipima nguvu kilikuwa kimeshuka mpaka wati 41. Wakaondoka, tukafungua, tukaacha hewa ipite, ikapanda 44. Mwenzetu wa elektroniki hakusema kitu. Aliandika tu daftarini: watu 14 chumbani, wati 41, watu 5, wati 44. Kisha akaenda kuleta bomba la plastiki.

Tuliliweka bomba lile kuzunguka njia ya mwali, tukaziba pengo kwa mkanda, tukatoboa tundu pembeni na kuchomeka mpira mrefu unaofika nje ya pazia. Akaweka mpira mdomoni, akavuta pumzi, akapuliza taratibu kama mtu anayefukuza vumbi kwenye lenzi. Namba kwenye kioo ikaanza kuteremka: 43.6, 42.1, 39, 36.7. Akaacha. Ikakaa kidogo, halafu ikapanda polepole. Akapuliza tena, ikateremka tena. Kila mmoja wetu alitaka kujaribu, na kila mmoja alijaribu. Pumzi ya mtu mmoja inaondoa wati saba.

Ni mvuke. Tulichagua 1940 kwa sababu maji huimeza, kisha tukaipitisha mita moja na nusu ndani ya hewa yenye maji tukashangaa inamezwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Tofauti ni kwamba maji ya kimiminika humeza mwanga huu kwa utepe mpana, ilhali mvuke humeza kwa mistari myembamba sana, mmoja hapa, mwingine pale. Leza ikikalia mstari, inaumia. Ikikaa katikati ya mistari miwili, inapita salama. Ndiyo maana mchana, vyumba vikiwa na watu na unyevu umepanda, tunapoteza zaidi.

Njia za kutokea ni mbili: kuisogeza leza sehemu ndogo ya nanomita ikae penye nafasi, au kuondoa mvuke njiani. Tumechagua kuondoa mvuke, kwa sababu hilo tunaliweza wiki hii.

Wiki ya 6

Njia yote ya mwali sasa ipo ndani ya mabomba ya alumini, na naitrojeni kavu inapita humo polepole. Asubuhi wati 48.1. Mchana 48.0. Tumekaribisha watu wajae chumbani makusudi: 48.0.

Wiki ya 7

Wiki ya hasira. Tuliagiza nyuzi za silika kwa ajili ya upande wa tiba, kiini cha mikromita 200, mita 3 kila moja. Zimefika, tumezikata, tumezichomeka, na kwa wati 30 uzi unapata joto mkononi. Uzi mzuri wa aina hii haupaswi kupata joto hata kidogo.

Silika huwa ya namna mbili. Moja ina hidroksili nyingi, mabaki ya maji yaliyofungwa ndani ya kioo tangu kilipotengenezwa, na hiyo ni nzuri kwa mwanga wa urujuanimno. Nyingine ina hidroksili kidogo, na hiyo ndiyo ya mwanga wa infraredi. Tuliandika waziwazi kwenye oda kwamba tunataka ya pili. Muuzaji alituma ya kwanza ikiwa na lebo ya pili. Nilimwandikia, akajibu kwamba kwa macho hazina tofauti. Ni kweli hazina, ndiyo maana mtu hulipia lebo. Amekubali kubadilisha, lakini tumepoteza siku tisa.

Kuanzia sasa kila uzi unaoingia unapimwa kwanza: nguvu inayoingia, nguvu inayotoka, joto la ganda katikati. Dakika kumi kwa kila uzi.

Nimegundua kwamba hii ni mara ya pili tunazuiwa na maji yaliyo mahali ambapo hatukuyafikiria. Nimeandika ubaoni: MAJI YAKO WAPI? Hata kama ni swali la kijinga kwa tatizo la siku hiyo, litaulizwa la kwanza.

Wiki ya 8

Tumeanza plastiki rasmi. Vipande vya polikaboneti, unene wa milimita 1, kimoja juu ya kingine, vimebanwa chini ya sahani ya yakuti ya kutengenezwa, ambayo ni angavu kwa 1940. Shinikizo la sahani ni muhimu kuliko nilivyodhani. Vipande visipogusana sawasawa, joto la cha juu halifiki cha chini, na unapata mfereji ulioyeyuka upande mmoja tu.

Mshono unaonekana kama mstari uliofifia kidogo, kama ukucha uliopita juu ya nta. Ukiutazama kwa hadubini, huoni tena mpaka kati ya vipande viwili. Ukuta umekuwa mmoja. Hapo ndipo kazi hii inanivuta: unatazama kitu kilichokuwa viwili na hujui tena kilianzia wapi.

Lakini ndani ya mshono mna mapovu. Madogo, yamejipanga kama shanga.

Wiki ya 9

Mapovu yanaendelea. Tumepunguza nguvu, mapovu yakapungua na mshono ukawa dhaifu. Tumeongeza mwendo, hivyohivyo. Tumebadilisha kina cha fokasi mara sita. Siku nne nzima tulizunguka kwenye namba za mashine, mpaka kijana wa mafunzo, yuleyule wa miwani, alipoinua kichwa akasoma ubao kwa sauti: “Maji yako wapi?”

Tulinyamaza.

Polikaboneti hunyonya unyevu wa hewa. Si mwingi, ni chini ya nusu ya asilimia moja ya uzito wake, na ukiishika huwezi kuujua. Wanaotengeneza vifaa kwa kumimina polikaboneti kwenye kalibu hukausha punje zake kwanza, kwa saa kadhaa kwenye joto la karibu digrii 120, kwa sababu hiyohiyo. Sisi vipande vyetu vilikuwa vimekaa rafuni wiki tatu, kwenye chumba ambacho tumethibitisha wenyewe kwamba kina mvuke wa kutosha kula wati saba.

Vipande ishirini vimeingia kwenye oveni jioni. Digrii 120 ni joto la kuangaliwa, kwani plastiki hii huanza kulegea karibu na digrii 147. Kijana amepewa kazi ya kuuangalia usiku kucha, na aliiomba mwenyewe.

Wiki ya 10

Hakuna povu hata moja. Vipande ishirini, mishono ishirini, tumevipitia vyote kwa hadubini.

Tumejaribu pia kuvipasua. Tulifunga kisanduku kilichochomelewa, tukakijaza maji ya rangi, tukasukuma hewa ndani. Kilipopasuka, kilipasuka ukutani, pembeni ya mshono. Hilo ndilo tulilokuwa tunalitafuta tangu mwanzo, mshono wenye nguvu kuliko ukuta. Wale wageni tisa wameomba vipande 50 vya majaribio. Akriliki bado. Inalegea mapema zaidi, karibu digrii 105, kwa hiyo dirisha la kufanyia kazi ni jembamba.

Niseme wazi ninavyoamini kuhusu oveni. Siku nne zilizopotea hazikupotea kwa kukosa mashine bora. Tulikuwa tunatazama leza kwa sababu leza ndiyo tunayoipenda, na plastiki tuliichukulia kama kitu kinachosubiri tu kuchomelewa.

Wiki ya 11

Nyuzi sahihi zimefika, zimepimwa, ni baridi. Sasa tiba.

Tunatumia ini la ng'ombe kutoka machinjioni, bichi, lililohifadhiwa kwenye maji ya chumvi. Hatuko karibu na mgonjwa na hatujifanyi tuko. Swali la wiki hii ni moja: tukikata, tishu iliyo kando ya mkato inaungua kiasi gani? Kando hiyo ina kazi. Ikiwa nyembamba sana, mishipa midogo inaendelea kuvuja. Ikiwa nene, tunaua tishu ambayo ingepona.

Kuna hesabu inayotuongoza. Joto likiingia kwenye tabaka jembamba, linahitaji muda kutoka. Kwa tabaka la milimita 0.08, ambacho ndicho kina mwanga wetu unachopenya kwenye maji, muda huo ni kama milisekunde 11. Ukipiga mpigo mfupi kuliko hapo, tishu inapata joto na kugeuka mvuke kabla joto halijasambaa kwa jirani. Ukiacha mwali uwake mfululizo, jirani anapikwa. Mwaka 1983 watafiti Anderson na Parrish waliliandika wazo hili kwa ajili ya ngozi, kwamba ukichagua rangi na muda wa mpigo unaweza kuchoma shabaha ukaacha kilicho pembeni yake. Tangu hapo ni vigumu kutaja leza ya tiba ambayo haikopi kitu kutoka hapo.

Tuliweka uzi kwenye mkono wa mashine, milimita 1 kwa sekunde, wastani wa wati 20. Mfululizo kwanza. Mkato mzuri, lakini ukiupasua na kuutazama upande, kingo zina utepe mweupe kama nyama iliyochemshwa, karibu milimita 1, na juu yake weusi wa mkaa. Kisha mapigo ya milisekunde 4, nguvu ya kilele wati 50, 100 kwa sekunde. Utepe mweupe milimita 0.4. Hakuna mkaa. Nguvu ya wastani ni ileile, mwendo uleule, ini lilelile. Kilichobadilika ni pumziko la milisekunde 6 kati ya mpigo na mpigo.

Moshi wa tishu unavutwa na bomba lenye kichujio, umbali usiozidi sentimita 2 kutoka kwenye mkato. Moshi huo unabeba chembe za tishu na hatutaki mtu auvute.

Wiki ya 12

Alikuja daktari wa upasuaji anayetushauri. Ameufanya upasuaji miaka mingi na ana tabia ya kutojibu mpaka ashike kitu. Tulimpa kishikio, tukampa ini ndani ya beseni la maji ya chumvi. Ndani ya mwili, eneo tunalolilenga huwa limejaa maji.

Na hapa maji yalitushangaza kwa namna nyingine. Mtu angetarajia kwamba mwali unaomezwa ndani ya milimita 0.1 hauwezi kufika popote chini ya maji. Lakini maji yaliyo mbele ya ncha ya uzi wetu, kwa kina hicho, ni kidogo mno. Chini ya milijuli 1 inatosha kuyafikisha kwenye kuchemka, na wati 50 hutoa kiasi hicho kwa sehemu ndogo sana ya milisekunde. Linatokea povu la mvuke, maji yanasukumwa kando, na mwanga unaobaki unapita ndani ya povu kwenda kwenye tishu. Watafiti wa leza waliita jambo hili kwa jina la Musa, kwa sababu ya bahari iliyogawanyika. Mvuke uleule uliotuibia wati kwa wiki mbili, hapa unatufungulia njia. Njia ndani ya povu ni fupi mno kuweza kutuibia chochote cha maana.

Daktari alikata mara nne bila kusema. Mara ya tano alisimama.

“Kwa nini inakata haraka hivi?”

Nilianza kueleza kwa fahari, akanikatiza.

“Sikuulizi ili nikusifu, mwanangu. Ikikata haraka kuliko ninavyoona, inanipita. Nipe polepole, na nipe pedali inayonijibu nikiikanyaga nusu.”

Kisha akaomba mwanga mwekundu wa kulengea uwe hafifu zaidi. Ndani ya maji yenye damu mwekundu mkali unarudi na kumpofusha kwenye skrini. Tumeandika yote mawili. Pedali yetu ina hali mbili tu, kuwasha na kuzima, na hadi siku hiyo hakuna kati yetu aliyeona kwamba hiyo ni kasoro.

Alituuliza pia kama tutavunja mawe ya figo. Tulimjibu kwamba leza za thuliamu zinaifanya kazi hiyo, lakini zinahitaji kilele cha mamia ya wati, na yetu inaishia 50. Alipenda tulivyojibu bila kuzunguka.

Wiki ya 13

Karatasi. Faili la hatari kwa mujibu wa ISO 14971, kiwango cha kimataifa cha kudhibiti hatari za vifaa vya tiba, lina mistari 83, na kila mstari unauliza: hiki kikiharibika, nani anaumia, na utajuaje? IEC 60601-2-22, kiwango cha leza za tiba, inataka nguvu tunayoitoa isitofautiane na iliyowekwa kwenye paneli kwa zaidi ya asilimia 20. Bila mabomba ya naitrojeni tungekuwa tumeikaribia mipaka hiyo mchana wenye watu, na tusingejua. Wapo wanaoona karatasi hizi kuwa mzigo juu ya utafiti. Mimi niliposoma mstari wa 41, unaohusu uzi kukatika ndani ya mgonjwa, nilirudi maabara nikakata uzi makusudi mara kumi kuona leza inachukua muda gani kuzima. Haizimi. Hatukuwa na kitu cha kuizima.

Sasa kipo. Kipokezi kidogo kwenye kiunganishi kinasoma mwanga mwekundu unaorudi kutoka kwenye ncha, na uzi ukikatika mwanga huo unabadilika. Mara kumi kati ya kumi imezima, kabla ya mpigo wa pili.

Wiki ya 14

Vipande 50 vimekamilika. 47 vimepita mtihani wa maji ya rangi. Vitatu vimevuja mahali pamoja, kwenye kona ya kushoto, na tumegundua sahani ya yakuti ilikuwa imeinama upande huo kwa unene wa unywele. Tumeweka vipimo vya shinikizo kwenye kona zote nne.

Pedali mpya iko mezani, nusu imefunguliwa, nyaya zake zimepangwa. Mwenzetu wa elektroniki anataka ijibu kwa mteremko, si kwa ngazi, ili mguu usihisi mruko. Daktari atarudi akiwa tayari kuikanyaga.

Akriliki imeingia kwenye oveni saa kumi na moja, digrii 75, vipande kumi na mbili. Kipima unyevu sasa kimefungwa kwenye ukuta kando ya kipima nguvu, na kila mstari wa daftari una namba mbili. Ya leo jioni: wati 48.2, unyevu asilimia 61.